Vichupa Ishirini na Viwili

Arobaini ya Zaina ilisomwa Soni mwezi uliopita, na mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu, nimepewa kisu na beseni la viazi kama mtu wa nyumbani. Halima, mdogo wake, akanigeukia mbele ya wote. "Dada Marta, wewe umemjua zamani kuliko sisi sote. Hebu tusimulie, alikuwaje alipokuwa msichana?" Nikawasimulia. Niliwaambia jinsi alivyokuwa akicheka mpaka anashika ukuta, jinsi alivyokuwa akiunguza maharage kwa sababu ya maneno, na wao wakacheka na kufuta machozi. Kisha mama mmoja akasema, "Na alikuwa mhudumu wa zahanati, eti? Akaacha mwenyewe, alipenda zaidi shamba lake." Mimi nikachukua kiazi kingine nikaendelea kumenya. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nimerudi kwangu Rangwi na tangu siku hiyo kila nikikaa na kikombe cha chai, chai inapoa mkononi. Nina miaka mingi, magoti hayanisikii tena, na bado moyo unanidunda nikikumbuka mwaka ule kama mtu aliyeitwa ofisini asijue kaitiwa nini. Basi niuandike, labda utanipisha.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Mimi na Zaina tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, pale pale Soni, vitanda viwili vya kamba na jiko la mkaa tuliloliweka mlangoni. Yeye alikuwa mhudumu, mimi nilikuwa mwanafunzi wa maabara, na zahanati yetu ilikuwa mwendo mfupi kupanda mlima. Wazazi wake waliishi jirani, kilima cha pili tu, lakini alitaka kukaa na mimi kwa sababu, alisema, kwao hakuna anayemwacha amalize sentensi. Ukuta uliotutenga na duka ulikuwa wa mbao, na kila neno la fundi na wateja wake tulilipata bila jasho. Tulikula bada la muhogo na mboga chungu ya mchunga, tukasikia nani kaozesha, nani kahamia kijiji kipya, nani kakemewa mkutanoni. Zaina alikuwa akijibu maneno ya wateja kwa sauti ya chini, huku akisonga, mpaka mimi napaliwa. Usiniulize kwa nini nakumbuka ladha ya mchunga ule na nimesahau sura za walimu wangu. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho nikala nikiwa sina wasiwasi.

Wasiwasi ulianza na kichocho. Sisi watu wa milimani hatukuuhofia sana ugonjwa huo, tuliuita ugonjwa wa watu wa tambarare. Lakini msimu wa mpunga uliopita, vijiji vyetu vilikuwa vimetoa watu kwenda kulima shamba la ushirika kule chini, ng'ambo ya Mombo, wakubwa kwa wadogo, mchana kutwa miguu ndani ya mifereji. Waliporudi, baadhi wakaanza kukojoa damu na kuficha. Bwana Tito, mganga mkuu wa zahanati, akaitisha mkutano. Alikuwa mtu wa haki, mrefu, mwenye koti lililofuliwa mpaka likawa la kijivu, na alitaka sana zahanati yake ndogo ionekane wilayani. Akasimama akasema bila kupepesa, "Kila aliyekwenda tambarare atatoa mkojo, kwenye kichupa chenye jina lake." Loo! Wanawake walijifunika kanga usoni. Jioni, kupitia mbao, tukamsikia mteja mmoja akimwambia fundi: "Mkojo peke yake, sawa. Jina peke yake, sawa. Lakini jina langu na maji ya mwili wangu ndani ya chombo kimoja? Kikiibwa na mbaya wangu, si ndiyo nimekwisha?" Fundi akasema, "Na anayekuja kukusanya ni msichana." Zaina hakujibu kitu safari hiyo, maana msichana mwenyewe alikuwa yeye. Alikuwa amepangiwa nyumba kumi za baba yake.

Baba yake, Mzee Athumani, ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi zile. Nilimpenda mzee yule. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kufuma na heshima isiyo na kelele, na kila nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba kisha akaongeza "onga makeo", salamu ya Kishambaa, ili nisijione mgeni. Kitu kimoja tu kilinitia shaka juu yake. Akipanda kilima alikuwa anasimama kila hatua chache, anajifanya anatazama mahindi ya watu. Zaina aliniambia ni pumzi fupi, imemwanza kabla ya mvua za vuli, na kwamba ole wako umwambie mtu. Balozi mgonjwa, nani atamsikiliza?

Siku ya Jumatano Zaina akaondoka na kikapu cha vichupa vya penisilini tulivyovichemsha, kila kimoja kimebandikwa plasta. Akarudi saa nane na vichupa ishirini na viwili, vyote vina majina, vyote vina mkojo. Bwana Tito akampigia makofi. Nyumba kumi za mabalozi wengine zilikuwa zimetoa nusu au robo, na balozi Athumani, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika barua kwa Chama kwamba watu wake wametimiza bila kukosa hata mmoja.

Alhamisi ikawa zamu yangu. Hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, unakielekeza dirishani kukamata jua, na Soni jua linakuja likitaka. Nikasubiri ukungu upande. Kichupa cha kwanza, cha Mzee Athumani, nikakizungusha, nikaweka tone, nikatazama, na yai likawa pale. Yai la kichocho halijifichi, lina mwiba mkiani, ukiliona mara moja hulisahau. Cha pili, mayai. Cha tatu, mayai. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama aliyeokota kitu. Kufika cha kumi furaha ikaisha. Mkojo wa watu haufanani. Aliyekuwa shambani wake ni mzito, mnywaji wa pombe ya miwa wake ni kama maji, mgonjwa wa homa wake mwingine. Hivi vyote vilikuwa na rangi moja, ukungu mmoja, mayai kadiri ile ile. Nikavipanga kwa mfuatano wa orodha. Cha kwanza kilijaa hadi shingoni, cha kumi nusu, na vitatu vya mwisho vilikuwa na kidogo tu chini, kama mtu anayegawa uji akaona sufuria imekwisha. Nilikaa nikavitazama. Mlangoni Bwana Tito akauliza, "Vipi, Marta?" Nikasema, "Wote wana mayai, Bwana Mganga." Ilikuwa kweli. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nilikosea kwa kusema kweli.

Jioni nilimkuta Zaina akipembua mchele. Nikafunga mlango, nikamwambia taratibu, "Vile vichupa ni vya mtu mmoja." Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika ukuta. "Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimefika, wazee wote wako barazani kwa baba, na baba mkwe wangu wa kesho yumo! Yule mzee nikimwona njiani nainama napisha. Nimwambieje? Shikamoo baba, naomba mkojo? Wallahi ulimi ulishikwa. Nao wakaniambia, mwanetu, majina tutakupa, hayo mengine tuachie. Nikaenda nyuma ya migomba nikajaza mwenyewe. Mimi si mzima? Nikasema wote watatoka safi, watafutwa kwenye orodha, yaishe."

"Zaina," nikasema, "hawakutoka safi."

Aliendelea kupembua kidogo, mikono ikienda yenyewe, kisha ikasimama. "Mayai?" akauliza. "Ndani yangu?" Akaweka ungo chini. Akanieleza, huku akitazama mlango, kwamba tangu arudi kutoka tambarare, alikokwenda kulima na watu wa kwao, alikuwa na maumivu ya tumbo la chini na mara nyingine damu kidogo, naye alidhani ni mambo ya kike, akanywa majani ya mama yake. Nilimshika bega. Ningependa kusema nilimhurumia yeye kwanza, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshakimbilia kwingine. Dawa ya kichocho siku hizo haikuwa vidonge hivi wanavyopewa wajukuu zangu shuleni, wanapimwa kimo kwa ufito na kumezeshwa, kisha wanarudi kucheza. Ilikuwa sindano ya antimoni, ya mshipani, inayosukumwa polepole, tena nyingi, siku baada ya siku. Bwana Tito alitufundisha mwenyewe: ni sumu inayopimwa, na mwenye moyo dhaifu usimguse nayo. Na jina la kwanza kwenye orodha ya kuchomwa Jumatatu lilikuwa Athumani, mzee wa pumzi fupi.

Nilimwambia Zaina aende kwa Bwana Tito. Akasema akisema atafukuzwa kazi, baba yake ataitwa mwongo na Chama, wazee wote wataaibika, na posa yake itakufa. Nikasema baba yako ndiye anayeweza kufa. Hapo akasema atalipitisha kwa shangazi yake, kama mambo yote ya aibu yanavyopitishwa, maana mtoto wa kike hamtajii baba yake mkojo, hata dunia iwe inaungua. "Nipe mpaka Jumapili, Marta. Usiseme." Nikampa.

Ijumaa nilimwandikia Bwana Tito orodha kwa mwandiko mzuri. Jumamosi dawa ikafika kutoka Lushoto ndani ya boksi lenye majani makavu, nikazihesabu chupa, nikazihesabu tena, nikitafuta pa kuanzia. "Bwana Mganga, nilikuwa nataka..." Naye akanikata kwa furaha, akasema, "Najua unachotaka. Nimekwisha kukuandikia. Kozi ya maabara inaanza mwezi ujao na barua yako imeondoka leo. Kwa kazi hii, nani atakukataa?" Nikasema ahsante. Nikapiga goti kabisa, kama nilivyofundishwa. Nimewahi kuwaza kwamba kama barua ile isingekuwepo ningesema. Nimewaza hivyo miaka mingi. Lakini najijua, na sina uhakika.

Jumapili nilitoka misani nikamkuta shangazi mtu amekaa kitandani kwangu, kanga kichwani, anatazama sakafu. Alikuwa amefikisha ujumbe, akasema, kwa adabu yote. Alimwambia kaka yake kwamba Zaina hapendi achomwe. Basi? Basi. Sababu hakuitaja, angeitajaje kwa kaka yake mkubwa? "Naye amejibu nini?" Zaina akauliza. Shangazi akasema, "Amesema balozi hakimbii sindano mbele ya watu wake. Amesema unyamaze tu, yeye anajua." Tukatazamana. Anajua nini? Sikula siku hiyo, na Zaina hakuunguza chochote kwa sababu hakupika.

Jumatatu walikuja wote, wamevaa kanzu na makoti kama wanaokwenda barazani, wakakaa kwenye benchi bila utani hata kidogo, na wewe unawajua wazee wetu kwa utani. Mimi nilishika trei. Zaina alikuwa mlangoni akiita majina. Mzee Athumani akaingia akipumua kwa mdomo. Bwana Tito akamuuliza kwa heshima, "Mzee wangu, moyo wako haukusumbui?" Mlango ulikuwa wazi na watu wake wanasikiliza. "Mimi mzima," akajibu, na mkono wa kanzu akaupandisha mwenyewe. Nikamtazama Zaina. Nikasema moyoni, sasa Marta, sema sasa, na mikono yangu ikampa Bwana Tito sindano.

Robo ya dawa ilikuwa imeingia mzee alipoanza kukohoa. Bwana Tito akasema ni kawaida, dawa hii inakohoza. Kikohozi hakikukatika. Uso ukawa wa majivu, akashika ubao wa kitanda, na hapo Zaina akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni. "Toa! Toa sindano, si wake!" Bwana Tito akaichomoa akauliza, "Si wake nini?" Zaina akamtazama baba yake, akalisema lile neno mbele yake na mbele ya mkwe wake na mbele ya benchi zima. "Mkojo! Mkojo si wake, ni wangu. Yote ni yangu." Mzee alikuwa ameshaanza kutapika.

Tulimlaza pale pale zahanati siku tatu. Lori la kumpeleka Lushoto lilikuwepo, lakini Bwana Tito aliogopa barabara itamsumbua kuliko ugonjwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mapigo ya mkononi kila nusu saa. Yalikuwa yanakwenda, yanaruka, yanasita, na kila yaliposita mimi nilisita nayo, nikashika mkono ule mkavu nikimwomba Mungu kwa majina yote niliyoyajua. Kila nilipohesabu niliwaza Alhamisi. Siku ya pili asubuhi alifumbua macho akaomba maji, na Zaina akapiga magoti akamnywesha kwa kijiko.

"Tate," akamwambia baba yake, "ulijua?"

"Mtu hasahau kama amekojoa," mzee akasema.

"Sasa kwa nini ukatoa mkono?"

Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kujibu. "Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba tumetoa. Nikikataa, ni wewe watakayekufukuza. Nilidhani sindano ni sindano, itauma mkono tu. Hakuna aliyeniambia hii inagusa moyo."

Hakuna aliyemwambia. Aliyejua nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeshika mkono wake.

Alipona, kama kupona ni kukaa barazani na kutazama wengine wakipanda. Kilima cha shamba lake hakukipanda tena. Tulirudia vipimo, na safari hii nilimshauri Bwana Tito tuandike namba badala ya jina, kila mtu aijue yake mwenyewe, na kikapu kiwekwe nyuma ya uzio pasipo msichana. Wakatoa wote, bila ubishi. Baadhi ya wazee walikutwa nacho kweli, na wangekufa nacho kama Zaina angekuwa mzima kama alivyodhani. Wengine hawakuwa nacho. Namba ya Mzee Athumani, aliyonitajia mwenyewe, niliitazama mara tatu, jua likiwa zuri, na hakukuwa na yai hata moja. Zaina akaanza sindano zake, akikohoa na kutapika kwenye beseni nililomshikia. Posa ilivunjika kimya kimya, na kazi akafukuzwa. Baadaye aliolewa kwingine, na watoto hawakuja. Madaktari wa leo wanasema ugonjwa ule unaweza kumharibu mwanamke huko ndani asipowahi kutibiwa. Siku zile hakuna aliyetuambia hilo, na hata leo ni wangapi wanaowaambia wasichana wanaosimama kwenye mifereji? Ni ugonjwa wa watu wanaokanyaga maji ili wengine wale wali, na watu wa namna hiyo hawana wa kuwasemea.

Mgeni kutoka wilayani alifika kuchunguza wiki moja baada ya Jumatatu ile, na faili na kalamu mbili. Alikalishwa chumba cha sindano kwa sababu ndicho kilikuwa na meza. Wazee walikaa benchi lile lile, macho wameyakaza kwenye viatu vyao, na hakuna aliyesema kwamba yeye alitoa jina bila mkojo. Zaina alisimama mbele ya meza, amekonda, kanga ameifunga vizuri. Akajibu kila alichoulizwa. Ndiyo, alijaza mwenyewe. Hapana, hakuagizwa na baba yake. Hapana, wazee hawakujua. Bwana Tito alikuwa ameinamisha kichwa, na mezani, chini ya mkono wa mgeni, niliona bahasha yenye jina langu, jibu la kozi. Mgeni akaandika, akafunga kalamu, akaifungua tena. "Swali la mwisho, binti. Kabla ya Jumatatu, ni nani mwingine alijua?"

Zaina aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuomba. Alinipa nafasi tu, akasubiri, na nafasi ile ilikuwa ndefu, ningeweza kusema hata mara kumi.

"Hakuna," akasema. "Ni mimi peke yangu."

Nami nikainua trei yangu nikasema, "Bwana Mganga, sindano nizichemshe sasa?"